Sura ya Saba: Paa la Udongo

Tembe maarufu kuliko zote nchini Tanzania haiko Singida. Iko Kwihara, kilomita chache nje ya mji wa Tabora, na umaarufu wake ni wa kuazima. Mwaka 1871 alikaa humo Henry Morton Stanley. Februari 1872 akarudi akiwa na David Livingstone, aliyekutana naye Ujiji. Stanley aliondoka Machi 14 kuelekea pwani. Livingstone akabaki, akisubiri wapagazi walioahidiwa kutumwa, na walipofika akashika njia ya kusini Agosti 25. Hakurudi akiwa hai. Oktoba 1873 watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliipitisha maiti yake Kwihara wakiwa safarini kwenda pwani, wakamkuta Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia mtu ambaye sasa alikuwa amefungwa ndani ya gome la mti.

Nyumba hiyo, ambayo hutajwa kuwa ilijengwa mwaka 1857, ina mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa pwani, na leo ni makumbusho yanayolindwa kwa sheria. Anayefika hapo hufika kwa ajili ya Livingstone. Hutazama picha na nakala za barua, husoma maelezo ya safari, na kama ana bahati ya kupata mwongozaji mzuri huondoka akijua tarehe zote nilizozitaja hapo juu. Paa lililo juu ya kichwa chake ni nadra kumshughulisha.

Paa hilo ndilo mada ya sura hii, na kwao ni mashariki ya Tabora. Katika enzi ya misafara, mtu aliyetoka Bagamoyo aliziacha nyumba za msonge na za makuti nyuma yake, akaanza kukutana na tembe alipokaribia Ugogo. Kisha akaingia Mgunda Mkali, pori kame ambalo sasa ni sehemu za Manyoni na Itigi mkoani Singida, akatokea Unyamwezi. Richard Burton na John Hanning Speke walilikata pori hilo Oktoba 1857. Burton aliieleza tembe kwa kirefu na hakuisifu: fupi, chafu, imejaa wadudu. Lakini hata yeye aliona kwamba ni aina moja ya nyumba iliyotawala eneo kubwa mno. Wagogo waliijenga, Wanyaturu waliijenga, na vivyo hivyo Wanyiramba, Waisanzu, Wasandawe, Warangi, Wairaqw na Wahehe. Hawa hawana lugha moja wala asili moja. Kati yao kuna Wabantu, kuna Wakushi, na Wasandawe wana lugha yao yenye vidoko. Kilichowaunganisha ni mvua chache, upepo mwingi na ng'ombe. Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora, walipotaka makazi ya kudumu bara, walilichukua umbo hilohilo, wakalipanua, wakaliongezea baraza na mlango wa nakshi.

Jinsi inavyosimama

Tembe huanza na nguzo zenye panda. Fundi hachongi maungio wala hapigi misumari. Huutafuta mti uliojigawa wenyewe kwenye ncha, huukata chini ya panda kwa urefu anaoutaka, huutia moto kidogo sehemu itakayofukiwa, huusimika. Nguzo hizi hupangwa kwa safu, mara nyingi tatu: ukuta wa mbele, katikati, ukuta wa nyuma. Juu ya panda hulazwa boriti nzito zinazofuata urefu wa nyumba. Juu ya boriti huja miti ya wastani iliyolala kimkingamo, imebanana. Juu yake fito, matawi na nyasi kavu. Na mwisho kabisa udongo, unaopandishwa kwa vikapu na kushindiliwa kwa miguu mpaka ushikamane.

Hapo inafaa kupiga hesabu. Udongo wa unene wa sentimita 20 una uzito wa karibu kilo 300 kwa kila mita ya mraba, ukiwa mkavu. Nyumba yenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 15 ina paa la mita za mraba 60. Maana yake ni kwamba familia hulala chini ya tani 18, na mvua ikinyesha usiku kucha uzito unaongezeka. Ndiyo maana nguzo za katikati zinasimama ndani ya chumba, mahali ambapo mgeni hujigonga bega gizani. Ndiyo maana pia upana wa nyumba hauongezeki hata mwenyewe akitajirika. Mti wa kuvuka nafasi kubwa zaidi haupatikani, na ukipatikana utapinda. Tajiri wa tembe hujenga kwa kurefusha: upande mmoja, kisha kona, kisha upande wa pili, mpaka nyumba inapata umbo la herufi L, halafu U, halafu inafunga mraba mzima na kuuzingira ua. Watu wa pwani wanaifahamu kanuni hii kwa jina jingine. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar ni vyembamba na virefu kwa sababu ileile: boriti ya mkoko ina kikomo chake.

Kuta hazibebi chochote. Hili ni jambo linalonivutia kuliko yote katika ujenzi huu, na ni rahisi kulipuuza kwa kuwa macho huona kuta kwanza. Kiambaza cha tembe ni miti myembamba iliyochomekwa karibukaribu, ikafungwa kwa kamba za magome, ikakandikwa tope lililochanganywa na samadi. Udongo wa kichuguu hupendwa kwa kazi hiyo, kwa sababu mchwa wameshauchambua mawe na kuulainisha. Masika ikila upande mmoja, mama wa nyumba huukandika upya kwa siku moja na paa halitikisiki, kwani uzito wote uko kwenye nguzo. Ukuta ni ngozi tu.

Paa lenyewe si bapa kabisa. Lina mgongo mdogo katikati ili maji yashuke pande mbili, na kingo zake hutokeza mbele ya ukuta kuukinga na michirizi. Singida hupata kati ya milimita 600 na 700 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili, kwa hiyo kuna miezi mingi mikavu ambayo paa ni uwanja wa kazi. Hapo juu huanikwa uwele na mtama, karanga, maboga yaliyokatwa, na majani ya mlenda yatakayoliwa wakati mboga mbichi zimekwisha. Gogo lenye vidato huegemezwa ukutani kuwa ngazi. Mbuzi nao hupanda, na hufukuzwa, na hupanda tena. Mvua zikianza, nyasi huota juu ya nyumba, na anayeitazama tembe kwa mbali mwezi Februari anaweza kuikosa kabisa: inafanana na kijilima.

Kabla ya mvua hizo kuna wiki ya taabu. Jua la miezi sita limepasua udongo, na kila ufa ni mfereji wa kuleta maji kitandani. Vijana hupanda na udongo mpya, huziba, hushindilia. Mvua ya kwanza hupita na kuonyesha walipokosea. Kisha hupanda tena. Nyumba ya tembe isiyopandwa misimu miwili imekwisha.

Faida zake

Ndani ni giza, na karibu hakuna dirisha. Moshi wa jiko hutafuta njia kupitia mlango na matundu madogo, na kwa kufanya hivyo hukausha boriti na kuwafukuza wadudu wanaotoboa mbao. Chumba kimoja kina vihenge vya nafaka, kingine ni cha ndama na mbuzi, na ng'ombe hulala uani, wamezungukwa na nyumba pande zote. Mwizi wa mifugo au fisi atakayewataka lazima apite mlango mmoja, mbele ya masikio ya ukoo mzima.

Na haiungui kirahisi. Katika karne ya 19 hiyo haikuwa faida ndogo, maana silaha ya bei nafuu kuliko zote dhidi ya kijiji ilikuwa kijinga cha moto kwenye nyasi za paa. Agosti 1871 mtemi Mirambo aliposhambulia Tabora na kuchoma sehemu ya mji, Stanley alikuwa Kwihara, karibu kiasi cha kuona moshi. Alitoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe, akajaza vyombo maji, akasubiri. Mirambo hakuja upande huo. Katika vitabu kisa hiki husimuliwa kama ushujaa wa Stanley. Mimi naona ndani yake mtu mwenye akili aliyetambua haraka kwamba nyumba aliyomo ilibuniwa na watu waliokwisha kuvamiwa mara nyingi.

Faida nyingine zinapimika hata leo. Mji wa Singida uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na usiku wa Juni na Julai ni wa blanketi mbili. Udongo mzito hupokea joto polepole mchana na kulirudisha polepole usiku. Aliye ndani ya tembe saa nane mchana yuko kwenye ubaridi, na saa kumi alfajiri yuko kwenye vuguvugu. Bati hufanya kinyume chake, saa zote mbili. Tena kuna upepo, ambao Singida unajulikana kiasi kwamba mipango ya kufua umeme kwa upepo huo imezungumzwa kwa miaka. Karibu kila msimu wa mvua magazeti hutoa habari za mapaa ya shule na nyumba yaliyoezuliwa mkoani humo. Tembe imejikunyata chini, haina ukingo wa kuchezewa na upepo, na tani zake 18 haziendi popote.

Ubaya wake

Lakini Burton hakusingizia wadudu. Katika nyufa za sakafu na kuta za udongo huishi papasi, aina ya kupe mwenye ngozi laini, anayetoka usiku kunyonya na kurudi ufani kabla hakujapambazuka. Anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula. Ndiye anayeambukiza homa ya papasi, ile inayopanda, ikaacha, ikarudi. Mwaka 1905 Robert Koch alikuja katika koloni la Kijerumani kuichunguza, akawakuta papasi katika vibanda vya njia za misafara, akaviona vijidudu vya ugonjwa hadi ndani ya mayai ya kupe hao. Mwaka huohuo ugonjwa huo ulimuua Joseph Dutton, aliyekuwa akiuchunguza Kongo. Njia ya misafara ilikuwa imefanya kazi yake: mpagazi analala katika nyumba moja leo na nyingine kesho, na papasi wanasafiri katika mkeka wake.

Orodha ya ubaya inaendelea. Moshi huumiza mapafu na macho. Nzi wa zizi hawana safari ndefu kufika kwenye uso wa mtoto, na mikoa ya kati imeteseka na vikope vizazi kwa vizazi. Chumba kisicho na dirisha kinafuga kifua kikuu. Na nguzo ikishaliwa na mchwa chini ya ardhi, mahali pasipoonekana, mvua kubwa huangusha paa usiku watu wakiwa wamelala. Tani 18 hazina huruma. Anayeililia tembe bila kuyataja haya hajawahi kulala ndani yake.

Serikali iliyataja. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma nchi nzima, ilikuwa na kifua kikuu miongoni mwa maradhi yake makuu. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na Operesheni Vijiji ikafuata hadi mwaka 1976. Singida, ambako kaya zilikuwa zimetawanyika kila moja na malisho yake, mabadiliko yalikuwa makubwa. Kiwanja cha kijiji kilipimwa kwa kamba, katika mstari ulionyooka kando ya barabara, nacho kilitosha nyumba ya vyumba vichache. Tembe yenye ua na zizi haikuwa na pa kukaa katika ramani hiyo. Mahali pengine nchini nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Baada ya hapo viongozi wa mikoa ya kati, awamu baada ya awamu, wamehimiza watu waachane na tembe, wakati mwingine kwa upole, wakati mwingine kwa kupiga marufuku. Katika dodoso la sensa paa la aina hii lina nafasi yake, udongo na majani, na wachumi wanapopanga kaya kwa umaskini wao, jibu hilo huivuta kaya chini.

Ajabu ni kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe aliingiwa na wasiwasi. Katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, mwaka 1977, alilalamikia watu kushikilia saruji na bati kana kwamba hakuna nyumba bora bila vitu hivyo. Saruji aliitaja kwa jina lake la mtaani, udongo Ulaya. Alitaka matofali ya kuchoma na vigae vya kufinyangwa hapahapa. Hakusema turudi kwenye tembe, na sidhani alifikiria hivyo. Lakini swali lake lilikuwa sahihi: kwa nini udongo wa kwetu ni aibu na wa kununua ni maendeleo? Miaka hiyo hakuna aliyelijibu, na bati likaendelea kupanda ngazi.

Udongo unaotunzwa

Kuna nchi ambako udongo si aibu tena. Uingereza imejaa nyumba za vijijini zilizojengwa kwa mbao, fito na tope lenye samadi na majani makavu, zikaezekwa mabua. Fundi wa Ikungi, Singida, akionyeshwa ukuta wa namna hiyo uliobomoka angejua afanye nini bila kuuliza. Nyumba ya Shottery alimokulia Anne Hathaway, mke wa Shakespeare, ni ya jamii hiyo. Sehemu yake ya kale ni ya karne ya 15. Ilinunuliwa kwa ajili ya hifadhi mwaka 1892. Mwaka 1969 moto uliiharibu vibaya, nayo ikarudishwa. Tangu Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya mwaka 1947, majengo ya aina hii Uingereza huorodheshwa kwa madaraja, na mwenye nyumba haruhusiwi hata kubadilisha dirisha bila kibali. Matajiri hushindana kuzinunua.

Ila mabua ya paa la nyumba ya Shottery hayadumu karne. Kila baada ya miongo michache huvuliwa na kuwekwa mengine. Kuta hukandikwa upya, mbao zilizooza hukatwa na kuungwa nyingine. Waingereza hawaoni tatizo kuiita nyumba hiyo ya karne ya 15. Miaka yake huhesabiwa kwa kutokukatika kwa matunzo.

Sheria yetu inahesabu vingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886, na milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Waziri anaweza kutangaza jengo la baadaye kuwa kumbukumbu, lakini mstari wa kawaida ndio huo. Tembe ya Kwihara inapita kwa mlango wake na kwa mwaka wake. Tembe ya Mkalama au ya Manyoni haiwezi kupita kamwe. Nguzo za 1950 zimechukua mahali pa nguzo za 1910, udongo wa paa ni wa mwaka jana, na kiambaza cha jikoni kimekandikwa mwezi uliopita. Kwa hesabu ya sheria ni nyumba mpya. Kwa hesabu ya ujuzi ni kongwe kuliko ya Kwihara, maana ndiyo iliyoizaa.

Jirani zetu wa Uganda wamelazimika kulifikiria jambo hili kwa uchungu. Makaburi ya Kasubi, yaliyojengwa mwaka 1882 kama ikulu ya Kabaka Mutesa I na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, yaliteketea Machi 16, 2010. Hakuna fito iliyobaki ya kuhifadhi. Hata hivyo ukoo wa Ngeye, wenye dhamana ya kuezeka tangu zamani, ulikuwepo, na walioujua ufundi wakawafundisha vijana. Jengo likasimama upya na UNESCO haikuliondoa kwenye orodha; mwaka 2023 ililitoa hata kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kilichookoa Kasubi ni watu wenye kazi mikononi.

Kwetu, Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam kimejaribu tangu miaka ya 1960. Kando ya barabara ya Bagamoyo, pamoja na msonge wa Wahaya na nyumba nyingine, imo tembe ya Wagogo. Ni kazi njema na mtoto wa mjini akaione. Lakini tembe iliyojengwa kwa mvua za Ugogo ina wakati mgumu Kijitonyama, ambako mvua ni karibu maradufu na zinakuja misimu miwili, na haina ng'ombe uani wala mtama juu.

Kuihifadhi mahali pake, Singida, kunagonga kwenye jambo ambalo wapenda urithi hatulisemi sana: miti. Tembe moja hula mamia ya nguzo, boriti na fito, na nguzo zenyewe lazima ziwe za miti ambayo mchwa huiogopa, kama mpingo, inayokua kwa miongo mingi. Babu aliikata nyuma ya nyumba. Mjukuu, chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, anahitaji kibali ili akate katika msitu wa hifadhi, na pembeni ya kijiji imebaki vichaka. Akitumia mkaratusi mchanga, mchwa watamaliza nguzo kabla mtoto wake hajamaliza shule ya msingi. Bati analipata dukani mjini, linabebwa kwa bodaboda, na mafundi wawili wanaliezeka kabla ya jua kuzama. Nikiwa yeye, ningenunua bati. Kisha ningefanya kile ambacho baadhi ya watu wa Singida wanafanya bila kuambiwa na mtaalamu yeyote: ningeacha kuta za udongo nene, ningezitoboa madirisha, na ng'ombe ningewatafutia zizi mbali na mlango.